Kinachokukera ni Nini Hasa?

Fungulia podikasti yoyote ya wachekeshaji wa Nairobi na ndani ya nusu saa mtafika tu pale. Mmoja atavuta maiki karibu, apumue, aseme, "Manze, kuna kitu hunikera." Halafu orodha inaanza. Mtu anayekutumia "uko?" kisha ananyamaza siku mbili. Voisi noti ya dakika sita ambayo ingekuwa neno moja. Kondakta anayesema chenji utapata mbele, na mbele haifiki. Rafiki anayeapa yuko njiani na unasikia maji ya bafu yakimwagika. Mwenzake anaruka, "Hiyo! Hata mimi hiyo!" Wanacheka, tunacheka, na ukishuka mat hukumbuki hata moja.

Hii imekuwa aina kuu ya ucheshi wa rika letu. Ina ndugu wawili: wasiwasi, yaani zile stori za kukosa usingizi kwa sababu bosi alijibu "sawa" bila kitu kingine, na tabia mpya, yaani siku hizi nalala saa tatu, natembea hatua 10,000, pombe niliacha. Watu wazima wanaona ni upuuzi. Mimi naona inastahili kuchambuliwa vizuri, kwa sababu humo ndani kuna ucheshi bora tulio nao na pia ule mvivu kuliko wote, na mara nyingi vyote viwili vinatoka kwa mtu mmoja usiku mmoja.

Kuna swali ninalotumia kuvitenganisha. Mchekeshaji akitaja kinachomkera, namuuliza kimoyomoyo: buda, unaogopa nini? Kama swali lina jibu, kichekesho kina mwili. Kama halina, hayo ni malalamiko yaliyopewa maiki.

Chukua huyo kondakta wa chenji. Ukiishia kwamba makondakta ni wasumbufu, umesema kitu ambacho kila abiria wa Thika Road anajua tangu azaliwe. Lakini angalia kinachotokea ndani ya mat. Unadai shilingi 20. Umeshaomba mara moja, kwa sauti ya chini. Ukiomba tena, watu kumi na wanne watajua kwamba hiyo 20 unaihitaji. Ukinyamaza, hiyo 20 imeenda, na unaihitaji kweli. Kero ni kondakta. Hofu ni kwamba yule msichana wa dirishani ataona hali yako ya mfuko. Mchekeshaji anayefika hapo anatuvua nguo sote.

Wazazi wetu hawakucheka hivi. Vitimbi ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai ilikuwa ya nyumba nzima, ndoa na majirani na mgeni asiyeondoka. Redykyulass, wale vijana watatu wa mwishoni mwa miaka ya 1990, KJ, Tony Njuguna na Walter Mong'are, walimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu. Hofu ilikuwepo, tena kubwa, ila ilikuwa ya nchi nzima. Watu waliokuwa wamezoea kumcheka mkubwa kwa kunong'ona walipewa ruhusa ya kumcheka kwa sauti. Katika hali hiyo, nani angesimama kutueleza jinsi anavyochukia watu wanaotafuna kwa kelele? Angeambiwa akae chini.

Kisha ikaja Churchill Show na kizazi kizima cha wachekeshaji waliopita mlango wake. Daniel Ndambuki aliwapa jukwaa vijana ambao hakuna mtu mwingine angewapa, na hilo lazima lisemwe. Lakini silaha ya wengi pale ilikuwa lafudhi. Kabila hili linapenda pesa, lile linapenda kuku, lile linapenda kujionyesha. Tatizo langu na kichekesho cha lafudhi, mbali na mambo ya ukabila ambayo yameshasemwa sana, ni kwamba hakimgharimu msemaji chochote. Anasema "sisi tuko hivi," umati unaitikia, na yeye mwenyewe hayuko popote ndani ya maneno hayo. Anaweza kufanya hivyo miaka kumi na usijue anaogopa nini usiku.

Kero ndogo ilileta "mimi" jukwaani. Ndiyo maana siidharau.

Aina hii haikuanzia kwetu. Waliofanya ikawa biashara kubwa ya televisheni ni Wamarekani wawili, Jerry Seinfeld na Larry David, kwa kipindi cha Seinfeld kilichoonyeshwa NBC kuanzia 1989 hadi 1998. Watu hupenda kusema ni kipindi kuhusu hakuna kitu. Mimi sikubaliani. Tazama ile sehemu ya 1991 ya mkahawa wa Kichina. Kisa chote ni marafiki watatu wakingoja meza. Meza haipatikani. Wakubwa wa NBC hawakuipenda, kwa sababu waliona haina hadithi. Lakini ndani yake kuna George, ambaye anataka kutumia simu ya mkahawa na kila mara kuna mtu ameikalia. Anakereka na watu wasiojali wenzao. Ukifuata stori, unagundua kwa nini simu ile ni muhimu: alimkimbia mwanamke katikati ya mapenzi kwa sababu tumbo lilimbana na choo kilikuwa karibu mno na chumba. Anataka kumpigia ajieleze kabla hajahukumiwa. Kero ni simu. Hofu ni aibu ya mwili wake mwenyewe. Hiyo ni hadithi nzima, na ndiyo maana zaidi ya miaka 30 baadaye bado inachekesha mtu ambaye hajawahi kungojea meza popote.

George aliundwa kwa kumwangalia Larry David mwenyewe. Baadaye David aliondoa kinyago, akaigiza mtu aitwaye Larry David katika Curb Your Enthusiasm, HBO, kutoka 2000 hadi 2024. Na hapa kuna somo kwa wachekeshaji wetu ambao wameanza kupata doo. Larry wa Curb ni tajiri sana. Kero zake ni za mtu asiye na shida: nani alikata foleni, nani alikula nini kwenye karamu, kwa nini lazima aimbe mtu akizimiza miaka. Kwa hesabu ya kawaida tungemchukia. Hatumchukii kwa sababu Larry hushindwa. Kila sheria ndogo anayotaka kuilinda humrudia usoni kabla kipindi hakijaisha. Sehemu ya mwisho kabisa inampeleka kortini, na watu aliowakosea kwa miaka hiyo yote wanapanda kizimbani mmoja baada ya mwingine kutoa ushahidi dhidi yake. Mkenya akiona hivyo anafikiria Vioja Mahakamani, na hajakosea. Mlalamishi amegeuzwa mshtakiwa. Nikisikia mchekeshaji wa hapa analalamika kuhusu wasaidizi wa nyumbani, au watu wa huduma kwenye ndege, nangoja nione kama atafika kizimbani. Wengi hawafiki. Wanabaki walalamishi hadi mwisho, na sisi tunabaki tukimsikiliza mtu mwenye gari akiteta.

Kwetu, aliyeifikisha kero mbali zaidi ni Elsa Majimbo. Kumbuka 2020. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13 Machi, kafyu ikaanza kabla mwezi haujaisha, na kila mtu mtandaoni alikuwa akiigiza huzuni ya aina moja: nimekosa watu, nimekosa kutoka, tutakutana tena. Kisha msichana wa miaka 19 anakaa mbele ya simu yake, amevaa miwani midogo myeusi, anatafuna krisps, na anatwambia waziwazi kwamba yeye anafurahia. Hataki kuonana na mtu. Kukosekana kwa mipango ni raha. Anacheka utani wake mwenyewe kabla hatujafika.

Wengi walisema alipendwa kwa sababu ya ujeuri. Nadhani alipendwa kwa sababu alitaja hofu ambayo wengi wetu tulikuwa nayo na hatukuwa na mahali pa kuiweka: kwamba kabla ya korona tulikuwa tumechoka kupendwa kwa ratiba, kuchangia birthday, kwenda mahali kwa sababu picha zitapigwa na usipoonekana utaulizwa. Yeye alikuwa na krisps na mto, basi. Ilikuwa Nairobi kabisa, na dunia nzima iliielewa. Mwisho wa mwaka ule alipewa tuzo ya People's Choice ya nyota wa Afrika mitandaoni.

Halafu akaenda Los Angeles, na nguo zikabadilika. Sisemi hili kwa wivu, na sina hamu na wale wanaodai msanii abaki maskini ili wao wajisikie vizuri. Ninachoona ni tatizo la kiufundi. Kero iliyokuwa yake, kukataa kujitokeza, haiwezi kusemwa na mtu ambaye kazi yake sasa ni kujitokeza. Video za mikoba na mavazi ya bei zinaweza kupendeza, lakini ile hofu ya chini imehama, na sijaona ikitajwa kwa jina lake jipya. Kuna mtu anaogopa nini akiwa na miaka ishirini na kidogo, mbali na nyumbani, maarufu kwa kutotaka kuonekana? Siku Elsa akilijibu hilo kwa krisps mkononi, nitakuwa wa kwanza kubonyeza.

Njugush amepita njia tofauti. Tulimjua wengi kwenye The Real Househelps of Kawangware, baadaye kwa video fupi, na baadaye tena kwa maonyesho ya Through Thick and Thin aliyofanya na Celestine Ndinda, Wakavinye wetu. Vifaa vyake ni vya nyumbani tu. Pesa ya matumizi, ndoa, wakwe, mtoto anayeuliza maswali, mwanaume anayejifanya ana mpango wakati hana. Kinachomwinua ni kwamba kero yake ina mtu wa kuijibu. Mchekeshaji wa kiume akisimama peke yake kulalamika kuhusu mke, ni kesi ya upande mmoja, na kesi za namna hiyo zimetuchosha. Njugush akilalamika, Wakavinye yuko palepale. Mara nyingine hasemi kitu, anamtazama tu, na ukumbi unaanguka kwa sababu sasa tumeona hofu: kwamba mtu anayelala naye anajua bei halisi ya kila kitu anachojigamba nacho. Waandishi wanaotafuta mbinu waitazame hiyo. Mpe aliyekukera nafasi ya kujibu.

Nijipime pia, maana swali ni rahisi kuwauliza wengine. Kero yangu kubwa kuliko zote ni mtu kuniuliza, "Bado unaandika?" Neno lenyewe ni "bado." Nimeshatengeneza utani mwingi juu ya hilo kwenye meza za chai, kwamba hakuna anayemuuliza daktari kama bado anadunga watu sindano. Watu hucheka. Lakini utani huo ni wa uongo, kwa sababu unanipeleka mbali na mahali panapouma. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Naandika kwa kulipwa kwa makala, na malipo huja siku yanapotaka. "Bado" inaniuma kwa sababu anayeuliza anahesabu miaka, na mimi pia nahesabu. Nikiusema hivyo mezani kicheko kinapungua kwanza, kisha kinarudi kikiwa na sauti nyingine. Mtu wa pembeni anasema, "Mimi huulizwa kama bado niko na yule." Hapo sasa tuko pamoja.

Tabia mpya ndizo ngumu zaidi kuchekesha. Mtu aliyeacha pombe, aliyeanza kukimbia Karura saa kumi na mbili asubuhi, aliyegundua maji, ana ushindi mkononi, na ushindi hauchekeshi. Podikasti zetu zimejaa wachekeshaji wanaotupa ratiba zao kama wahubiri. Nilala mapema, nimepunguza sukari, nimekata marafiki wenye sumu. Hongera sana. Kicheko kiko wapi?

Mfano wa jinsi inavyowezekana ni wa Mmarekani John Mulaney, katika Baby J iliyotoka Netflix mwaka 2023. Huyu alikuwa mvulana msafi wa ucheshi wa kwao, suti, nywele, adabu. Kumbe alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya, na Desemba 2020 marafiki zake walimkusanyikia kumlazimisha aende matibabu. Angeweza kutupa ushuhuda: nilipotea, nikapatikana. Badala yake anaanza na kero za kijinga kabisa. Alichelewa kufika kwa wale waliotaka kumwokoa kwa sababu alipitia kunyoa nywele. Na alipofika kituo cha matibabu, kilichomsumbua ni kwamba hakuna aliyemtambua. Mtu yuko mahali pa kuokoa maisha yake, na anaacha gazeti lenye habari zake mahali ambapo wenzake wataliona. Ukiuliza anaogopa nini, jibu linakuja baridi: anaogopa kwamba bila kupendwa na wageni yeye si kitu, na hiyo hofu haikuondoka na dawa. Ameacha tabia moja na ile iliyozaa hiyo tabia bado iko naye jukwaani, ikishika maiki. Anamalizia kwa kusoma mahojiano aliyoyafanya akiwa amelewa, ambayo hakumbuki kuyafanya. Hakuna mahubiri. Unatoka ukiwa umecheka na bado humwamini kabisa, na nadhani alitaka hivyo.

Sasa kuna swali ambalo siwezi kulikwepa, kwa sababu linaipiga hoja yangu yenyewe. Kama kichekesho bora ni kile kinachoonyesha hofu, basi tunawaomba wachekeshaji wajianike. Na kuna ambao kujianika kwao kuna bei. Hannah Gadsby, kutoka Tasmania huko Australia, alisema hivyo katika Nanette mwaka 2018: kwa mtu ambaye tayari anadharauliwa, kujicheka ili akubalike si unyenyekevu, ni kujidhalilisha, na Gadsby amechoka nako. Wengine walisema hiyo si standapu tena. Mimi niliitazama nikifikiria nyumbani.

Nilifikiria Othuol Othuol, aliyetuchekesha miaka mingi, mara nyingi kwa kujicheka mwenyewe, akafariki Oktoba 2020 baada ya kuugua. Katika mwaka ule na uliotangulia tasnia yetu ilizika zaidi ya mmoja, na kila mara tulizungumza wiki moja kuhusu msongo wa mawazo na malipo ya wachekeshaji, kisha tukarudi kwenye klipu. Sidai kujua kilichokuwa ndani ya mtu yeyote. Ninajua kilichokuwa ndani yetu kama watazamaji. Mtu akisimama mbele yetu kusema hana sura, hana pesa, hana bahati, tulicheka kwa kuwa ilikuwa raha kwamba ni yeye. Ile "hata mimi!" ya podikasti haikusikika. Tulisema "ati wewe!" na tukaendelea kutafuna.

Kwa hivyo swali langu lina upande wa pili. Mchekeshaji anatuambia anaogopa nini. Na sisi tunaomcheka, je, tumo ndani ya hiyo hofu, au tunaitazama kutoka ng'ambo ya barabara? Njugush hutuweka ndani, kwa sababu wengi wetu tumewahi kujigamba kwa mtu anayejua salio letu la M-Pesa. Elsa alituweka ndani. Kichekesho kinachomwacha msemaji peke yake na njaa yake, hata kama ukumbi umevunjika mbavu, kinapaswa kutusumbua tukienda nyumbani. Na mwandalizi anayemlipa msemaji huyo nauli na soda anapaswa kusumbuliwa zaidi.

Kwa vijana wanaopanda jukwaani hizi usiku ambazo yeyote anaruhusiwa, dakika tano kila mtu, nina ombi. Acheni orodha. Chagueni kero moja na mkae nayo hadi iwatoe jasho. Ile "uko?" kwa mfano. Kila mtu anaitaja na hakuna anayeuliza kwa nini neno la herufi tatu linafanya moyo upige. Linatuma binamu ambaye hamjaongea tangu Krismasi. "Uko?" Unajua kuna mambo mawili tu yanayokuja na neno hilo: kuna mtu amefariki, au kuna mchango. Mara nyingi ni yote mawili. Unaiangalia simu. Hutaki kuifungua, asije akaona umesoma. Fuliza bado hujalipa. Na katika ile sekunde, kabla hujajua ni nani amekufa, umeshaanza kuhesabu una ngapi, na unaomba Mungu awe mtu wa mbali.

Panda na hiyo uone kama kuna mtu ukumbini atabaki akitazama simu yake.